Kabla ya Kupandikiza Jino Kwenye Mfupa wa Kuongezewa: Mambo ya Kuzingatia

Ukiambiwa taya lako limepungua mfupa na itabidi uongezewe ndipo upandikizwe jino, usikubali tarehe ya upasuaji papo hapo. Skrubu ya titani inayobeba jino hilo hushikwa na mfupa ulio hai, na mfupa wa kuongezewa huchukua miezi kuwa hai.

Sigara: acha angalau wiki 1 kabla na wiki 8 baada, shisha na ugoro vilevile. Kisukari: nenda na majibu ya HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu, na ikiwa juu ya asilimia 8, ahirisha mpaka ishuke. Fizi zinazotoka damu zitibiwe kwanza. Kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, mfano alendroneti, sema hata kama uliacha zamani. Hukaa mifupani miaka, na taya linaweza kugoma kupona.

Dai picha ya CT ya taya. Eksirei ya kawaida haionyeshi unene wa mfupa. Kwenye magego ya juu, juu ya mfupa kuna uwazi wa sainasi, yaani chumba cha hewa kando ya pua. Mfupa uliobaki chini yake ukifika milimita 5, kuongeza mfupa na kuweka skrubu kwaweza kufanyika siku moja. Ukiwa chini ya milimita 4, njia salama ni kuongeza kwanza na kungoja. Anayetaka kumaliza yote siku moja kwenye milimita 2, mwulize skrubu itashikwa na nini.

Uliza pia mfupa unatoka wapi. Wako mwenyewe, wa kidevuni au pembe ya taya, hungojwa miezi 4 hadi 6. Ukichelewa sana huanza kuyeyuka. Unga wa mfupa wa ng'ombe ukiwekwa peke yake kwenye sainasi hungojwa miezi 6 hadi 9, maana mwili hujenga mfupa taratibu katikati ya chembe zake. Utando wa kolajeni (protini ya wanyama) unaoufunika unga huo mara nyingi hutokana na nguruwe. Kama jambo hilo linakuhusu kidini, ulizia mapema, upo pia wa ng'ombe.

Sasa meno ya bandia ya kuvua. Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia, na hakuna anayemwonya mgonjwa kwa sauti ya kutosha.

Mambo huenda hivi. Skrubu imeingia vizuri, nyuzi zimetolewa, hakuna maumivu. Wiki ya tatu kuna harusi, na mtu hawezi kwenda na pengo. Anachukua meno yake ya zamani, anayavaa, yanabana kidogo, anavumilia. Anakula pilau, anacheka, anapiga picha. Baada ya hapo anayavaa kila siku, kwa kuwa hayaumi. Lakini wiki ya tatu na ya nne ndipo skrubu inapokuwa legevu kuliko wakati wowote: mfupa wa zamani uliokuwa umeibana unaliwa na mwili, na mpya bado haujakomaa. Kwenye mfupa wa kuongezewa kipindi hiki ni kibaya zaidi. Kila anapotafuna, plastiki inagonga ufizi, ufizi unasukuma skrubu. Ikitikisika zaidi ya mikroni 150 hivi, yaani unene wa nywele mbili tu, mwili unaacha kuizungushia mfupa na kuizungushia nyama ya makovu. Mgonjwa hasikii chochote. Siku ya kuunganisha jino, daktari anagusa skrubu kwa bisibisi ya mkono nayo inazunguka yote. Inatolewa, na kazi ya kuongeza mfupa inaanza upya.

Kwa hiyo, kabla ya upasuaji, peleka meno hayo yachongwe kwa ndani, yaache nafasi ya milimita 2 hadi 3 juu ya kidonda, na daktari apime kwa krimu ya kuonyesha mgandamizo. Usiyavae kabisa wiki 2 za mwanzo. Lala bila meno. Ukiona ufizi una alama nyekundu yenye umbo la plastiki, yavue na urudi kliniki siku hiyohiyo. Bora zaidi ni jino la muda lililogundishwa kwenye meno jirani.

Siku ya skrubu, omba vipimo viandikwe kwenye faili: nguvu ya kukazia na ISQ, yaani namba ya uimara wa skrubu mfupani. Tundu hutobolewa jembamba kidogo kuliko skrubu, kwa maji baridi ya chumvi, kwani mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika moja huumia. Ncm 35 (Ncm ni kizio cha nguvu ya kukazia) ni nguvu nzuri. Kuzidisha sana kwaweza kubandua kipande cha mfupa kilichopachikwa. Ikiwa chini ya 20, skrubu izikwe chini ya ufizi, isibebeshwe chochote. ISQ ipimwe tena kabla ya kufunga jino: 70 na kuendelea ni imara, chini ya 60 ongeza muda.

Ukiguswa sainasi, usipenge kamasi wiki 2, piga chafya mdomo wazi, usinywe kwa mrija. Muhogo mkavu, miwa na mahindi ya kuchoma yasubiri. Na omba kadi yenye jina na kipimo cha skrubu, kwani ukihamia mji mwingine ikalegea, daktari mpya hawezi kuagiza kifaa chake kwa kubahatisha.