Kuuza sarafu, stempu na vinyago kwa mnada wa mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi: namna ya kumpata msimamizi anayefaa

Mwenye kopo la heller, yaani senti za enzi ya Mjerumani, albamu ya stempu za Tanganyika au vinyago vya mpingo akitaka kuviuza nje kwa mnada, kwa kawaida huanza kuuliza, "Wanakata asilimia ngapi?" Ni swali la haki, ila si la kwanza. Msimamizi anayekata asilimia 10 lakini hana njia ya kukufikishia hela Mtwara ni ghali kuliko anayekata 20 na hela ikafika. Anza na njia ya pesa kurudi, uende kwenye sheria ya kitu chenyewe, halafu posta. Komisheni ijadiliwe mwisho.

Biashara tatu kwa jina moja

Wanaojiita wasimamizi wa minada hawafanyi kazi moja. Wa kwanza wanauza programu tu. Muuzaji ni wewe, akaunti ya eBay au Delcampe ni yako, na programu inakusaidia kupandisha matangazo mengi kwa mpigo, kupanga saa ya kuanza na kufunga, kurudisha sokoni kisichonunuliwa, kutoa ankara na kutunza hesabu ya stoo. Unalipa kwa mwezi, uuze usiuze. Wa pili ni madalali: unawapelekea vitu, wanapiga picha, wanaandika maelezo, wanauza kwa akaunti yao na kukata komisheni. Wa tatu ni nyumba za mnada zenye wataalamu. Hizi hukusanya mali, hutoa katalogi na kuiweka kwenye majukwaa kama NumisBids na Sixbid kwa sarafu, au the-saleroom na LiveAuctioneers kwa vitu vya kila aina. Catawiki ya Uholanzi iko katikati, kwani picha unapiga mwenyewe, lakini mtaalamu wao anakagua kabla kitu hakijaingia mnadani.

Kuchagua kati ya programu na dalali ni hesabu ya dakika tano. Tuseme programu ni dola 30 kwa mwezi na jukwaa linakata asilimia 13 ya mauzo, wakati dalali anachukua asilimia 25 kila kitu ndani yake. Tofauti ni asilimia 12. Ili hizo asilimia 12 zifikie dola 30, lazima uuze vitu vya dola 250 kila mwezi. Chini ya hapo dalali ni nafuu, na bado hujahesabu bando la intaneti wala muda wa kupiga picha. Wauzaji wengi wa huku kusini wana mzigo wa mara moja, kama urithi wa babu au sarafu zilizookotwa shambani, na kwao programu ya mwezi ni hasara tangu siku ya kwanza.

Nyumba ya mnada iwekwe kwa vitu vichache vyenye thamani. Ukiipelekea heller za kawaida, ama itazikataa ama itazirundika kwenye loti moja, yaani fungu moja la mnada, mwishoni mwa katalogi.

Jua ulichoshika kabla hujaandika barua pepe

Msimamizi makini atakuuliza maswali manne: ni nini, cha mwaka gani, kina hali gani, na umekipataje. Ukijibu kwa "sarafu ya zamani sana", utapewa bei ya kopo zima.

Sarafu za Afrika Mashariki ya Wajerumani zinasomeka kirahisi. Za 1890 hadi 1892 zenye maandishi ya Kiarabu zinaitwa "pesa", zilizokwenda 64 kwa rupia moja. Kuanzia 1904 ikaja heller, 100 kwa rupia. Tafuta herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Ya heller 20 yenye T na mwaka 1916 iligongwa Tabora wakati wa vita, na ipo ya shaba ya njano na ya shaba nyekundu: moja inang'aa kimanjano, nyingine ina wekundu wa shaba tupu. Ziandike mbalimbali, kwa sababu wakusanyaji huzitafuta kwa aina, na aina moja huweza kuizidi nyingine bei mara kadhaa.

Ukidhani una rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, nayo ya Tabora 1916, ipeleke kwa sonara akaipime kabla hujamwambia mtu yeyote. Halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni 750 kwa 1000. Sarafu hii ina bandia nyingi mno, kwa hiyo hata uzito ukikubali, nyumba ya mnada itataka kuiona kwa macho au itaitaka imepitia kampuni ya kupima ubora kama NGC au PCGS. Rupia ya fedha nayo ina gramu 11.66, pungufu ya gramu nzima ni dalili mbaya.

Usisugue. Ndimu, majivu, dawa ya meno na brashi ya viatu vimeharibu sarafu nyingi kuliko udongo. Mkusanyaji analipia rangi iliyojijenga yenyewe kwa miaka mia moja, na akiona mng'ao wa kusuguliwa anashusha dau au anapita. Suuza kwa maji safi tu kuondoa mchanga, kausha kwa kuigusisha kitambaa laini, basi. Mifuko laini ya plastiki ya PVC pia iepuke: kwa joto na unyevu wa pwani hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba.

Kwenye stempu, bahasha ina thamani kuliko stempu iliyobanduliwa. Stempu ya Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Wajerumani) yenye muhuri wa Lindi, Mikindani au Kilwa unaosomeka vizuri iache palepale ilipo, na piga picha upande wa nyuma pia, maana mihuri ya njiani huwa huko.

Hela itafikaje

Mwandikie msimamizi swali moja lililonyooka: "Nina akaunti ya benki Tanzania. Mnanilipa kwa njia gani, kwa sarafu gani, baada ya siku ngapi, na ada ya kutuma anabeba nani?" Jibu likija na PayPal peke yake, simama hapo. Akaunti za PayPal za Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa za kulipia tu, si za kupokea. Wapo wanaojibu, "Tumia akaunti ya ndugu yako aliye Ulaya." Hapo mnada unakuwa kwa jina la ndugu, kodi inakuwa yake, na mkigombana huna karatasi hata moja.

Njia inayofanya kazi kwa wengi ni uhamisho wa benki kwenda akaunti ya dola au euro. Hakikisha jina kwenye mkataba na jina la akaunti vinafanana herufi kwa herufi. "Mohamed" upande mmoja na "Muhammad" upande wa pili inatosha kurudisha pesa, na kurudi kwake kuna ada. Uliza kama watatuma kwa OUR, yaani wao wanabeba ada zote, au SHA, yaani mnagawana. Katikati huwa kuna benki ya tatu inayojikatia chake kimyakimya.

Kwa mfano, loti imeuzwa dola 80. Komisheni ya asilimia 15 ni dola 12, picha dola 4, bima ya asilimia 2 ni dola 1.60, benki za njiani dola 20. Unabaki na dola 42.40. Kilichokuumiza hapo ni benki, kuliko komisheni. Kwa hiyo chagua msimamizi anayekubali kukutunzia salio mpaka lifike dola 400 hivi ndipo atume. Ada ileile ya dola 20 inashuka kutoka asilimia 25 hadi asilimia 5. Sharti, salio lionekane kwenye taarifa ya maandishi kila baada ya mnada.

Vitu ambavyo msimamizi mzuri atavikataa

Jaribu kuuliza kama wanapokea kipande cha pembe ya ndovu. Anayesema "tuma tu, tutaandika mfupa" mkimbie, kwa sababu siku mzigo ukikamatwa, jina la mtumaji kwenye fomu ni lako. eBay iliondoa pembe za ndovu sokoni kwake dunia nzima tangu 2009. Gamba la ng'amba nalo limefungiwa biashara ya kimataifa chini ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na makombe makubwa ya Tridacna (chaza wakubwa) hayavuki mpaka bila kibali, hata kama uliyaokota ufukweni Msimbati.

Vya kale vina sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inataja pia milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Kwa maana hiyo sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa, kigae kutoka magofuni au mlango wa nyumba ya zamani Mikindani si bidhaa ya kupiga picha na kupandisha. Kinyago cha zamani cha ngoma ya mapiko nacho kiulizie Idara ya Mambo ya Kale kwanza, upate jibu la maandishi. Upande wa pili pia wamekaza: tangu tarehe 28 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai leseni ya kuingizia vitu vya kiakiolojia vyenye umri zaidi ya miaka 250, na unazuia vilivyotoka nchi ya asili kinyume cha sheria.

Vinyago vipya vya Kimakonde havina tabu hiyo, ila mpingo una yake. Uko kwenye Kiambatisho II cha CITES, orodha ya vinavyouzwa nje kwa kibali, tangu 2017, na kuanzia mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao kwa mzigo mmoja zimesamehewa kibali hicho. Mpingo ni mzito. "Ujamaa" mmoja, yaani kinyago cha watu waliopandana, wa urefu wa mita unaweza kuvuka kilo 10 peke yake. Pima kabla hujaahidi. Msamaha wa CITES pia haufuti taratibu za hapa nyumbani, kwa hiyo pita TFS (wakala wa misitu) kuhusu mbao na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea) kama nchi ya mnunuzi inadai cheti cha afya ya mimea.

Saa ya kufunga

Mnada wa mtandaoni huchangamka dakika za mwisho, hivyo saa ya kufunga ni ya mnunuzi, si yako. Wanunuzi wengi wa vitu vya Deutsch-Ostafrika wako Ujerumani, na kwao Jumapili jioni ndiyo wakati wa kukaa na kompyuta. Saa mbili usiku ya huko ni saa tatu usiku Mtwara wakati wa majira yao ya joto, na ni saa nne kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi. Kwa pwani ya mashariki ya Marekani, saa tatu usiku yao ya Jumapili ni alfajiri ya Jumatatu huku, saa kumi au kumi na moja.

Hapo ndipo kupanga saa kunapokuwa kipimo cha huduma. Ikiwa tangazo linaanza pale tu unapobonyeza, umeme ukikatika jioni hiyo wiki nzima imeharibika. Kwenye eBay, mnada wa siku 10 ulioanza Alhamisi unafunga Jumapili ya wiki inayofuata, ukiwa umepita wikiendi mbili. Tumia huo.

Mkataba usome nyuma kwenda mbele

Mitego huwa mwishoni. Tafuta ada ya kitu kisichouzwa, ada ya kuondoa kitu kabla ya mnada, na ada ya kuweka bei ya chini ya siri, ile ambayo dau lisipoifikia kitu hakiuzwi. Tafuta pia nani anabeba hasara mnunuzi asipolipa, na bima inaanza lini: ukikabidhi posta Mtwara, au wao wakisaini kupokea? Nyingi huanza wakisaini, kwa hiyo safari nzima ni juu yako. Kama unapeleka mali Ulaya ikauzwe huko, uliza nani analipa kodi ya kuingiza na kama inarudishwa kitu kikirejea kwako. Kwa wanunuzi wa Marekani, msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 ulisitishwa tarehe 29 Agosti 2025. Msimamizi ambaye matangazo yake bado yanasema "hakuna ushuru" hajafungua macho.

Kisha mjaribu kwa kidogo: loti moja ya sarafu za kawaida, ya thamani usiyoililia. Zipige picha kila moja pande mbili, kwa mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni, ili nyufa na mikwaruzo ionekane. Funga kila sarafu peke yake zisigongane, weka kati ya kadibodi mbili, tuma kwa rejista au EMS (posta ya haraka) yenye namba ya kufuatilia. Kwenye fomu ya forodha andika kitu chenyewe na mwaka wake: "sarafu 12 za shaba, 1904–1914, za mkusanyiko". Neno "zawadi" usiliandike. Mzigo ukipotea, utadai fidia ya zawadi isiyo na bei.

Wiki ya mzigo kufika utegemee barua yenye orodha ya walichopokea. Ikija ikiwa na idadi tu bila miaka na hali ya kila sarafu, rudisha orodha yako ukiambatisha picha na uombe waithibitishe kabla ya mnada. Wakisita kufanya hivyo kwa sarafu kumi na mbili za kawaida, rupia za fedha zibaki kwako.