SOMO: Jinsi ya kwenda na kurudi Shimonada, stesheni ya Japani isiyo na mhudumu

Wakuu, anayezoea treni za Tokyo akifika kwenye reli za mashambani hubaki ameduwaa: hakuna geti, hakuna dirisha la tiketi, hakuna wa kumuuliza. Nachukua mfano wa Shimonada, mkoani Ehime, kisiwa cha Shikoku. Stesheni hii ilifunguliwa 1935. Ina kijengo cha mbao, jukwaa moja, benchi chini ya paa dogo, na mbele yako bahari tupu. Kwa machweo sijaona ya kuishinda.

Hatua ya 1: Chagua njia. Hapa ndipo wengi hupotea. Ukitoka Matsuyama, jiji kuu la Ehime, reli ya Yosan hugawanyika. Njia mpya, iliyofunguliwa 1986, hupita bara kupitia Uchiko, na treni za haraka zote hufuata huko. Wewe unataka ile ya zamani ya pwani, inayopitia Iyo-Nagahama. Treni za njia zote mbili zinaweza kuwa na mwisho mmoja wa safari, kwa hiyo kusoma jina la mwisho pekee hakutoshi. Muulize mhudumu kabla hujapanda.

Hatua ya 2: Kata tiketi Matsuyama. Ukifika, mpe dereva.

Hatua ya 3: Kurudi. Treni mara nyingi ni behewa moja la dizeli, na dereva yuko peke yake. Panda mlango wa nyuma, kisha chomoa kikaratasi chenye namba kwenye kimashine kilicho hapo mlangoni. Namba hiyo ndiyo ushahidi wa ulikopandia, kitunze. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao wa nauli: tafuta namba yako, nauli yako iko chini yake, na inapanda kadiri safari inavyosonga. Ukishukia stesheni isiyo na mhudumu, tumbukiza kikaratasi na nauli kamili kwenye kisanduku kando ya dereva, utoke mlango wa mbele. Ukishukia Matsuyama, unalipia stesheni.

Hatua ya 4: Piga picha ratiba mara tu unaposhuka. Treni moja na nyingine zinaweza kupishana saa mbili au zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kadi ya Suica, ile ya kulipia treni za Tokyo, inafanya kazi?*
Hapana dada, Shimonada ni pesa taslimu au tiketi.

*Ni kweli mawimbi yanafika jukwaani?*
Zamani bahari ilikuwa chini yake kabisa. Baadaye ufukwe ulijazwa udongo ikapita barabara ya taifa namba 378. Ukikaa kwenye benchi barabara huioni sana, iko chini.

*Nikipoteza kikaratasi je?*
Mwambie dereva mapema. Unaweza kutozwa nauli ya kuanzia treni ilikotoka.

*Nina noti kubwa tu, kaka.*
Kisanduku kina sehemu ya kuvunjia noti ya yeni 1,000. Ya 10,000 ivunje Matsuyama, dereva asije akachelewesha treni kwa ajili yako.