Unataka kumwaga vifaranga vya perege Ruvu? Subiri kwanza tuongee

Kuna jamaa yangu wa Mlandizi alinipigia juzi kati, kaka sisi huku tumechanga hela tunataka vifaranga elfu kumi tumwage mtoni maana perege wameisha, tuchukue wapi? Nikamwambia shikilia hela yako kwanza. Vifaranga unavyouziwa hapa Dar, uende Mbezi uende Kigamboni, mara nyingi sana ni sato, na sato sio mwenyeji wa Ruvu. Kwao ni Nile na maziwa kama Albert, Turkana na Tanganyika, hata Ziwa Victoria aliletwa tu miaka ya 1950, waulize wazee wa Mwanza ngege, perege wao wa asili, ameishia wapi.

Perege wetu wa Ruvu, Wami na Rufiji ni mwingine, wataalamu wanamuita Oreochromis urolepis. Shida ni kwamba sato akikutana naye wanazaana, na watoto wao nao wanazaa, kwa hiyo ukimwaga sato elfu kumi hujarudisha samaki, umemfuta aliyebaki. Kama huwezi kupata wazazi wa mto huo huo basi bora usimwage kabisa, hela hiyo nunueni doria.

Na kabla ya yote jiulizeni perege waliisha kwa nini. Kama bado watu wanavuta kokoro, wanashona vyandarua vya mbu kuwa nyavu, wengine wanatia utupa, ile sumu ya mimea, kwenye vidimbwi kiangazi, basi mtakuwa mnawafugia wao. Maji nayo muyaangalie, mnakumbuka 2022 Ruvu ilivyokauka mpaka sisi huku mjini tukawekewa mgao, sasa fikiria samaki aliyekuwa ndani ya hayo maji. Tafuteni sehemu ambazo hata kiangazi kikali zinabaki na kina, zina matete na kivuli, na mkubaliane na wavuvi wa hapo kwamba hawagusi. Bila hao wavuvi hamna mradi, nawaambia ukweli.

Halafu kibali. Kukamata samaki wazazi, kuwasafirisha hai, kuwamwaga mtoni, vyote anzia kwa afisa uvuvi wa halmashauri, yeye ndio atakuelekeza wizarani, na watu wa bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu nao wajue.

Haya sasa wazazi, hapa ndio kazi yenyewe. Mtambue kwa mkia, sato mkia wake una mistari ya kusimama iliyopangika vizuri kabisa kama imechorwa kwa rula, perege wa asili hana mistari ya mpangilio huo, na dume lake likiwa tayari kuzaa linakuwa jeusi. Ila chotara anaweza kukudanganya, macho hayatoshi, kwa hiyo kata kipande kidogo cha pezi, kitie kwenye spiriti kali, wapelekee watu wenye maabara ya vinasaba, pale TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), UDSM au SUA uulizie. Wavue mbali na mabwawa ya wafugaji, mafuriko ya masika yanatorosha sato wengi mno kutoka kwenye mabwawa. Na msichukue wazazi kumi mkaona inatosha! Kanuni ya zamani ya watu wa vinasaba ni angalau wazazi 50 wanaozaa kweli, mimi nasema anzeni na madume 50 na majike 50 maana wengine hawatazaa, na mvue sehemu tofauti tofauti za mto msije mkabeba ukoo mmoja. Wakifika watengeni wiki mbili tatu, mwangalie vidonda na wadudu.

Kuzalisha sio kugumu. Mfugaji wa biashara anaweka dume moja kwa majike matatu, nyie wekeni moja kwa moja, kila jozi kwenye hapa yake (sio hapa ya mahali, ni ile neti ya boksi inayoning'inia bwawani, jina limetutesa wote), maana mkiwachanganya wote pamoja, madume mawili matatu yaliyo makali ndiyo yatazaa peke yake na mtapata ndugu watupu. Maji yawe nyuzi 26 mpaka 30. Jike anabeba mayai mdomoni, anaacha kula, usimsumbue, baada ya kama wiki mbili hivi anawaachia watoto. Chukua idadi inayolingana kwa kila jike hata kama mmoja kazaa mara tatu zaidi.

MUHIMU, msiwape ile homoni ya kugeuza wote madume. Wafugaji wanaipenda kwa sababu dume linakua haraka, ila mto wa madume matupu utazaa nini jamani?

Pia msiwadekeze. Kifaranga aliyezoea pumba akiona kivuli cha mtu anakimbilia juu, akifika mtoni kivuli hicho ni cha mdiria au korongo, kwisha habari. Rutubisheni bwawa kwa samadi ili wale vijani vya maji, wekeni matawi wajifunze kujificha.

Siku ya safari wawe wameshinda na njaa siku nzima, vinginevyo watachafua maji njiani. Mfuko wa nailoni, theluthi maji, kilichobaki oksijeni ya mtungi, mtoke alfajiri kabla jua na foleni ya Kimara havijaamka. Mkifika msimimine! Acheni mfuko uelee mtoni dakika 20 mpaka 30 joto lilingane, tieni maji ya mto kidogo kidogo, halafu watoke wenyewe, kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, wachache hapa wachache pale. Na iwe masika yameshapita, Juni hivi, Aprili mtakuwa mnawatuma baharini.

Kabla ya kuwaachia kateni ncha ya pezi la tumboni, upande mmoja tu, iwe alama. Mpeni mvuvi mmoja mwaminifu daftari, kila akipata perege aandike tarehe, urefu na kama ana alama. Mwaka wa kwanza mtaona wenye alama. Mnachosubiri ni wadogo wasio na alama na wasio na mistari mkiani, yaani waliozaliwa mtoni humo humo, mkianza kuwaona hao punguzeni kumwaga.