Namna ya kuuliza fedha za skuli bila ya ugomvi

Nimesomesha Wete mpaka nikastaafu, na mpaka leo wazazi hunisimamisha sokoni: "Mwalimu, mbona tunachangishwa na elimu ni bure?" Elimu bure ilitangazwa hapa Zanzibar Septemba 23, 1964, hilo kweli. Lakini chaki hainunuliwi kwa tangazo. Fanyeni hivi.

Wahini kabla ya Julai. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya Wizara ya Elimu husomwa Baraza la Wawakilishi, kule Chukwani, kabla ya hapo. Ukija kulalamika Agosti, mafungu yashagawiwa. Hoja yenu iandikeni, mumpe Mwakilishi wenu. Si Mbunge, maana uendeshaji wa skuli zetu si jambo la Muungano.

Skulini, anza na mwenyekiti wa kamati ya skuli, faragha. Ukimkabili mwalimu mkuu mbele ya kadamnasi ataona haya, na daftari hulioni tena. Uliza kilichoingia kutoka serikalini, kilichochangwa na wazazi, na kilichotumika, kila kimoja na stakabadhi yake.

Mkijenga banda la madarasa wenyewe, andikeni kila kitu: mifuko ya saruji, mawe, mchanga, hata siku ambazo vijana wa kijiji walifanya kazi bila ya ujira. Hiyo nayo ni fedha, na ndiyo inayosahauliwa. Mkienda kuomba bati mkiwa na hesabu hiyo mkononi, mna la kusema. (Na mie naona bora darasa moja lililoezekwa kuliko misingi minne inayoota majani.) Nakala moja mwachieni sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani kwenu.