Kulisha Punda Wanaolala Nje Wakati wa Kiangazi Dodoma

Mvua za Dodoma kwa kawaida hukoma mwezi Aprili, na kadiri kiangazi kinavyosonga nyasi za malishoni hupungua lishe. Kwa hiyo kusanya mabua ya mtama na uwele mara baada ya mavuno, uyaweke juu ya kichanja, mbali na mchwa. Punda wa kilo 150 huhitaji takribani kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku. Kabla ya kumpa, fungua tita na ulinuse: mabua yenye ukungu yatupwe, kwani huweza kumsababishia maumivu makali ya tumbo. Pumba mpe kidogo tu. Binafsi simpi kabisa asiyefanya kazi. Maji yawe safi na ya kila siku, hata kisima kikiwa mbali, kwa kuwa punda mwenye kiu hupunguza kula.