Kufaulu CISA si kupata cheti

Ukiwa unakagua mifumo ya kompyuta, iwe ni kwenye sacco ya Kisumu au afisi ya kaunti Nakuru, jua kwamba mtihani wa CISA, cheti cha kimataifa cha wakaguzi wa mifumo hiyo, ni nusu tu ya kazi. ISACA, shirika linalokitoa, haikupi cheti mpaka uthibitishe uzoefu wa kazi wa miaka 5. Shahada hukupunguzia kiasi, lakini punguzo lote halizidi miaka 3. Ukishafaulu, una miaka 5 ya kutuma ombi.

Hapo ndipo wengi hukwama: msimamizi wao amehama au amestaafu, na hakuna wa kuthibitisha. Kabla hujaacha kazi yoyote, chukua barua pepe yake ya kibinafsi, maana ile ya afisi hufungwa akiondoka. Andika pia ulichokagua na tarehe: ruhusa za watumiaji, bakapu, mabadiliko ya programu, mikataba ya wauzaji. Fanya hivyo kila robo mwaka, usingoje kukumbuka.

Mtihani una maswali 150 kwa dakika 240, na kufaulu ni alama 450 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Kukosea hakupunguzi alama, kwa hivyo usiache swali tupu. Majina kwenye akaunti yako ya ISACA yalingane na ya kitambulisho, la sivyo utarudishwa mlangoni. Na ukiamua kuufanyia nyumbani, hakikisha laptopu na ruta zote ziko kwenye betri. Stima ikipotea, msimamizi wa mtihani anayekutazama mtandaoni hakuoni tena.