Hosteli kubwa inakuja mtaani kwenu: namna ya kuandika pingamizi litakalosomwa

Bango la ujenzi likishabandikwa kwenye ua wa mabati, siku zenu zimeanza kuhesabiwa. Usingoje mkutano wa Jumapili. Toka na simu, piga picha bango zima, halafu kila sehemu yake: nambari ya kiwanja, mwenye mradi, idadi ya ghorofa, ofisi ya kupelekea maoni na siku ya mwisho. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa upige picha inayoonyesha mahali lilipo. Kwetu liliwekwa upande wa nyuma wa kiwanja, likitazamana na ukuta wa ghala, pahali ambapo hapiti mtu. Picha hiyo ilikuja kuwa ushahidi wetu wa kwanza.

Mimi ni bwana afya mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kukagua visima, vyoo na mitaro katika miji ya Pwani ya Kenya, na sasa ni katibu wa chama cha wakazi kwenye mtaa ulio jirani na chuo kikuu. Mwenye mradi alitaka kujenga hosteli ya ghorofa tisa, vitanda kama mia sita, katikati ya nyumba za ghorofa moja. Nayaandika haya kwa sababu naona mitaa mingi karibu na vyuo ikipiga kelele nyingi na kuandika kidogo, na kelele haziingii kwenye faili.

Pingeni jengo, msiwapinge wanafunzi

Mkutano wetu wa kwanza tuliufanya barazani kwa mzee mmoja baada ya sala ya alasiri. Muda mwingi ulikwisha kwa habari za ulevi, muziki wa usiku, wasichana wanaovaa hivi na wavulana wanaosuka nywele vile. Mwishowe akasimama bibi mmoja ambaye vyumba vyake vya uani amewapangisha wanafunzi. Akasema, “Hao mnaowasema ndio wanaoninunulia dawa ya presha. Na mjukuu wangu yuko Eldoret, analala kwenye chumba cha mtu. Mwataka na huko wamfukuze?” Baraza zima likanyamaza.

Bibi yule alisema haki. Vyuo vyetu vimepokea wanafunzi wengi kuliko vitanda vilivyonavyo, na watoto hawa wanahitaji pa kulala. Isitoshe, barua inayolalamikia tabia za watu ambao hata hawajafika haimpi afisa wa mipango kitu cha kushika. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka aangalie mipango iliyoidhinishwa ya eneo, huduma za jamii, mazingira na maoni ya wananchi. Mvao wa mtu haumo. Maji yamo, choo kimo, barabara imo, usalama wa jengo umo. Andikeni hayo.

Kifungu cha 58 cha sheria hiyo kinamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na tangazo liwaalike watu kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Kifungu hichohicho kina jambo ambalo wakazi wengi hawalijui: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huchukuliwa kuwa imetolewa. Ndiyo maana nasema usifarijike na ukimya wa ofisi. Ukimya unamfaa mwenye mradi.

Hesabu ya maji na choo

Hapa ndipo pingamizi hupata nguvu, nami nitakaa hapa kidogo.

Chukua idadi ya vitanda. Mwanafunzi mmoja anayeoga, kufua na kupika mfanyie makadirio ya lita 80 kwa siku. Watu 600 watahitaji lita 48,000 kila siku. Sasa ulizeni: maji hayo yanatoka wapi? Kama bomba la mtaa hutoa maji siku mbili kwa wiki, basi yataletwa na maboza, na boza la lita 10,000 litaingia karibu mara tano kila siku kwenye kibarabara chenu. Kama mwenye mradi atasema atachimba kisima, ulizeni kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Karibu na bahari, ukivuta maji matamu kwa wingi, ya chumvi huja kuchukua nafasi yake, na visima vya jirani ndivyo vitakavyoonja kwanza.

Kisha maji taka. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia kwenye nyumba hutoka tena yakiwa machafu. Wahandisi hukadiria kama asilimia 80. Hiyo ni zaidi ya lita 38,000 kwa siku. Mtaa wenye bomba la maji taka uulize kama bomba hilo lina nafasi. Mtaa usio na bomba, kama wetu na kama mitaa mingi ya Pwani, uulize yatakwenda wapi. Jibu la kwenye michoro ya mwenye mradi lilikuwa tangi na mashimo ya kunywea, yaani mashimo ambamo maji taka huachwa yazame ardhini. Yeyote aliyefanya kazi niliyoifanya mimi atashtuka kusikia hivyo. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe wenye mianya, na uchafu haukai ndani yake ukachujika kama unavyochujika kwenye udongo mzito. Unateremka na kutokea kisimani. Ule umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima tuliokuwa tukiwahimiza watu ni kwa choo cha nyumba moja, si kwa watu mia sita.

Kwa hiyo tulizunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Kila kisima tulikiandika: kiko kwa nani, kina chake, umbali wake kutoka mpaka wa kiwanja, watu wangapi wanakitumia na kwa kazi gani. Vijana wawili wa chuo waliopanga mtaani ndio waliotuchorea ramani. Ukurasa huo mmoja ulifanya kazi kuliko saini zote tulizokusanya.

Barabara nayo ipimeni kwa tepu, ukuta hadi ukuta, halafu pimeni tena magari yakiwa yameegeshwa jioni. Andikeni kama gari la zimamoto linapita au halipiti. Kivuli, ufaragha wa madirisha na mtaro wa mvua vitajeni kwa sentensi moja moja, mwende mbele.

Lakini moto usiupitie haraka. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa bweni lilipoungua katika shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa Moi Girls, Nairobi. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unakataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni na unataka milango ifunguke kwa nje. Hosteli ya binafsi si shule, ila hakuna linalowazuia kuomba kiwango hichohicho. Michoro tuliyoiona ilikuwa na ngazi moja tu kwa ghorofa tisa. Tulipoliandika hilo hatukuwa tukijitetea sisi wenyewe. Tulikuwa tukiwatetea watakaolala mle ndani.

Barua yenyewe

Iandike kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayoimudu. Katiba, ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, na hakuna afisa mwenye haki ya kuikataa barua kwa sababu hiyo. Yetu ilikwenda hivi, nami nimeacha sehemu za kujaza:

“Kwa Waziri wa Kaunti anayehusika na Mipango ya Ardhi. Kuhusu ombi la kujenga hosteli kwenye kiwanja nambari …, lililotangazwa kwa bango tarehe …. Sisi tulioorodheshwa hapa chini tunaishi ndani ya mita 300 kutoka kiwanja hicho. Tunapinga ombi hili kwa namna lilivyo sasa kwa sababu zifuatazo. Moja, mtaa hauna bomba la maji taka, na jengo litatoa takriban lita 38,000 za maji machafu kila siku karibu na visima tulivyovionyesha kwenye ramani iliyoambatishwa. Mbili, michoro ina ngazi moja tu. Tatu, barabara ina upana wa mita … na gari la zimamoto haliwezi kugeuka. Nne, bango liliwekwa mahali ambapo umma haupiti. Tazama picha ya pili. Tunaomba ombi likataliwe, au lirudishwe lirekebishwe kwa kupunguza ghorofa, kuweka mtambo wa kusafisha maji taka na ngazi ya pili. Tunaomba pia tupewe nafasi ya kusikilizwa kabla uamuzi haujatolewa.”

Maneno “kwa namna lilivyo sasa” tuliyachagua kwa makusudi. Yanamwonyesha afisa kwamba mnataka jengo linaloweza kuishi na mtaa, na yanampa njia ya kufuata badala ya kumlazimisha aseme ndiyo au la.

Chapisha nakala tatu. Moja ya kaunti, moja ya mwakilishi wenu wa wadi, ya tatu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi mkononi mwako. Mpokeaji akikwambia mhuri hauko, kaa pale mpaka upatikane. Barua isiyo na mhuri, siku ya rufaa ni sawa na barua isiyoandikwa. Saini za wengi ni nzuri, lakini kila saini iwe na jina kamili na nambari ya nyumba. Familia zenye visima ziandike pia barua zao wenyewe kwa maneno yao wenyewe.

Kama mmenyimwa michoro, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na ofisi ya umma ina siku 21 za kuamua.

Mkutano wa soda

Jengo la ukubwa huu hupita pia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa tathmini ya athari kwa mazingira. Mtaalamu anayeandika ripoti hiyo analipwa na mwenye mradi, na kazi yake mojawapo ni kukusanya maoni yenu. Kwetu aliandaa kikao, viti vikapangwa, soda zikagawiwa, na karatasi ya mahudhurio ikazunguka kabla mtu hajafungua mdomo. Ripoti ilipotoka, karatasi ile ilikuwa imeambatishwa kama ushahidi kwamba wakazi wameukubali mradi.

Kwa hiyo nendeni, msisusie, lakini kabla ya kutia saini someni juu ya karatasi pameandikwa nini. Kama hapana neno, andika kwa mkono wako “mahudhurio tu”, kisha upige picha. Fomu ya maoni ijaze mwenyewe kwa kalamu ya wino, usimwachie kijana wa mtaalamu akuandikie. Teueni mmoja wenu aandike kumbukumbu za kikao: nani aliuliza nini, akajibiwa nini. Akina mama wanaochota maji waseme wao wenyewe, kwa sababu wanajua mambo ya visima ambayo sisi wazee wa baraza hatuyajui.

Anayedhani ushirikishwaji wa umma ni maneno matupu aitazame Lamu. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET, lilifuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imetoa kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na sababu kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mradi ule ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko hosteli yoyote, na waliousimamisha walikuwa wakazi waliojipanga.

Wakikataa kuwasikiliza

Hapa muda ndio kila kitu. Kaunti ikishatoa ruhusa, mna siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi. Ofisini iulizieni kwa jina la Liaison Committee, ndilo wanalolizoea. Kutoka hapo mnaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA ina njia yake: rufaa huenda NET ndani ya siku 60, na mwombe mapema amri ya kusimamisha kazi. Msichanganye njia hizi mbili, maana nimeona watu wakipeleka lalamiko la NEMA kwa kaunti na siku zikawaishia wakingoja jibu. Ibara ya 70 ya Katiba inakuruhusu kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Hatua hizi zinahitaji wakili, kwa hiyo mchango uanze siku ya bango, na kila shilingi iandikwe kwenye daftari linaloonekana na wote.

Kwetu haikufika huko. Kaunti iliirudisha michoro, na mwenye mradi akaja na jengo la ghorofa tano, ngazi mbili na mtambo wa kusafisha maji taka. Kuna majirani ambao hawakuridhika, wangetaka pabaki bustani. Mimi niliiunga mkono michoro mipya, na ningeiunga mkono tena.

Ruhusa ikitoka na masharti, ombeni nakala ya masharti hayo na muyabandike mahali pa wazi mtaani. Angalieni kama kibao cha kiwanjani kina nambari ya usajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Kila mwisho wa mwezi mtu mmoja apige picha ya jengo kutoka sehemu ileile na ahesabu ghorofa. Ikionekana ya sita inapanda, kaunti ina mamlaka ya kutoa ilani ya kusimamisha, na barua yenu ya kuiomba ifike siku hiyohiyo, ikiwa na picha na nakala ya ruhusa.